Jani la Chai na Dai la Binadamu

Tumezoea kusikia misikitini na makanisani kwamba kila kilichopo juu ya ardhi kiliumbwa kwa ajili ya binadamu. Na mimi, ambaye sina shaka yoyote juu ya hikima ya Muumba, nataka dai hilo lipimwe kwa kitu kidogo ambacho kila alfajiri hapa Kisangani, kuanzia Makiso hata Mangobo na ng'ambo ya mto huko Lubunga, huchemshwa na kunywewa kabla mtu hajatoka kwenda kutafuta riziki yake. Sisemi ule mchaichai wa uani, ambao wasemao Lingala huuita sinda, kwani huo una harufu njema tu, wala haumwondolei mtu usingizi. Nasema chai yenyewe, mti wa asili ya Uchina na nchi zinazopakana nayo, ambao kwetu Kongo hulimwa katika milima ya Kivu.

Ndani ya jani hilo mna kafeini, ambayo katika jani kavu hufikia sehemu 2 hata 4 kwa mia. Mti hauna miguu ya kukimbia, basi hujilinda kwa sumu; na kafeini ni sumu kwa wadudu, kiasi kwamba kiwavi aliyelishwa kwa wingi hushindwa kula, hutetemeka, kisha hufa. Tena sumu hiyo haikugawanywa sawasawa, bali huzidi katika chipukizi na majani machanga, yaliyo laini na yanayowindwa zaidi, na hayo ndiyo hasa mchumaji wa chai ayatakayo, ncha na majani mawili yaliyo chini yake, huku yaliyokomaa akiyaacha mtini. Tunachokitamani zaidi ndicho mti ulichokitilia ulinzi zaidi.

Ikiingia mwilini mwetu, kafeini hufanya kazi ambayo mti haukuwa na haja nayo. Mtu akikaa macho muda mrefu, ubongoni hujikusanya adenosini, ambayo hushika mahali pake maalumu na kuuita usingizi. Kafeini, kwa kuwa umbo lake lafanana nayo, hutangulia kupashika mahali pale pale na kupaziba, basi uchovu upo, ila habari yake haifiki. Yapata saa tano baadaye, nusu ya kafeini hiyo aghalabu ingali mwilini.

Ajabu yenyewe haiishii kwenye chai. Makasu, yaani kola, yanayouzwa sokoni, ambayo mzee huyatafuna kidogo kidogo kwa uchungu wake wote, yana kafeini ile ile. Na buni ya robusta, inayoota yenyewe chini ya miti mikubwa ya msitu wetu, na ambayo kituo cha Yangambi, kilomita mia moja hivi kutoka hapa kwa kufuata mkondo wa mto, kimeitafiti tangu enzi za INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1933, inayo vilevile. Miti hiyo si ndugu wa karibu. Wataalamu walioichunguza robusta katika chembe zake za urithi walitangaza mwaka 2014 kwamba buni na chai kila mmoja ulijipatia njia yake ya kuiunda kafeini, bila kuirithi kwa mwenziwe. Aidha ua la buni huitia kidogo mno katika maji yake matamu, si ya kuua, na mwaka 2013 ilidhihirika kwamba kiasi hicho humsaidia nyuki kuikumbuka harufu ya ua, akalirudia. Kitu kimoja, basi, ni mauti kwa kiwavi, ukumbusho kwa nyuki na mkesha kwa binadamu. Ni yupi kati yao aliyekusudiwa? Wala sisi watu wa jimbo hili la Tshopo hatuwezi kumwondoa kiwavi katika hesabu, maana msimu wake ukifika twamnunua sokoni na kumla kwa hamu.

Suala hili si geni. Ikhwan al-Safa, kundi la wanafalsafa Waislamu wa Basra, katika karne ya 10 walitunga risala ambamo wanyama wanawashtaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, wakilikataa dai la kuwa waliumbwa wawe watumwa wao. Na Musa bin Maymun, tabibu na mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyeandika kwa Kiarabu huko Misri mwishoni mwa karne ya 12, alishikilia katika kitabu chake Dalalat al-Ha'irin kwamba haifai kuitakidi kuwa viumbe vyote vipo kwa ajili ya binadamu, kwani kila kimoja kimekusudiwa kwa nafsi yake. Huyu ndiye nimfuataye. Wako wanaohofu kwamba kwa kukubali hayo shukrani itapungua. Mimi naona itazidi, kwa kuwa mfanyakazi anayepokea mshahara wake hashukuru kama msafiri aliyekaribishwa chakula ambacho hakikupikwa kwa ajili yake.

Hata watu wa dini wameipokea kafeini kwa njia tofauti. Masufi wa Yemen walikunywa kahawa ili wasimame usiku katika dhikri, na mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa na mamlaka huko Makka, akaipiga marufuku mjini humo. Waadventista wa zama zetu nao hujizuia na chai na kahawa kwa kuutunza mwili. Hukumu zao zahitilafiana, lakini wote walitambua kwamba wameshika kitu chenye nguvu yake, kisichongojea idhini yetu, na kwa hilo nawaheshimu wote.

Sisi tumelisahau hilo mezani. Katika mji ambao malaria huwapunguzia damu watoto na wajawazito, twawapa chai ya rangi iliyokolea pamoja na sombe na maharage. Na vile vitu vichungu vya jani, jamaa ya katekini, ambavyo jani likisindikwa hugeuka na kuipa chai wekundu wake, unaopauka papo hapo ukikamulia limau, huyashika madini ya chuma ya vyakula hivyo tumboni, mengi yakapita bila kuingia damuni. Jani halina kosa, kwani tangu huko mtini vitu hivyo vilikuwa ni vya kumpunguzia mlaji faida. Mjamzito akiiweka chai yake mpaka saa moja au mbili baada ya kula, chuma cha sombe kitapata nafasi ya kumfikia yeye na mtoto.