Kiitikio Kisichokataa: Maadili ya Kumfunza Mtoto Kutunga Nyimbo kwa Kompyuta

Utangulizi

Swali la nani hasa mtunzi wa wimbo ni la zamani katika uhakiki wa fasihi simulizi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa katika shule za Kenya mwaka 2019, umelipa swali hilo sura mpya, kwa kuwa unautaja ubunifu na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Mwalimu anaweza kumkalisha mtoto mbele ya kompyuta, na kabla kipindi hakijaisha mtoto akawa amekwisha kutoa wimbo wenye ala na mdundo. Je, wimbo huo ni wake? Na je, aliyempa chombo hicho amemtendea haki au amemnyang'anya kitu? Makala haya yanalijadili suala hilo kwa kuitazama Kaunti ya Kajiado, hususan miji ya Kitengela na Kajiado. Yanashikilia kwamba thamani ya kimaadili ya utunzi haitokani na upya wa vijenzi vya wimbo, bali na utayari wa mtunzi kuujibia wimbo wake mbele ya watu wanaoweza kuukataa.

Kiunzi cha Wengine

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2018 kampuni ya Google ilitoa programu ya Song Maker, ambayo hutumiwa bila malipo. Mtoto hupewa ukurasa wa miraba. Akigusa mraba, noti hulia. Asipobadilisha mtu mpangilio wake, ukurasa huo huwa na vipimo vinne vya mapigo manne manne, mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, na skeli ya meja, yaani ile ya do, re, mi iliyozoeleka katika shule na makanisa. Chini yake zipo safu mbili za milio ya ngoma. Noti iliyo nje ya skeli haina mraba. Kwa hiyo mtoto hawezi kukosea. Lakini pia hawezi kutoka, mpaka aonyeshwe kwamba mlango upo.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Kajiado. Uimbaji wa jadi wa Wamaasai hautegemei ngoma. Mdundo wake hutoka katika koo za waitikiaji, pumzi zao na miruko ya miili yao, na katika baadhi ya sherehe hupulizwa pembe ya tandala. Mtoto aliyeusikia uimbaji huo nyumbani, akipewa chombo ambacho kimemtengea ngoma tayari, huambiwa kimyakimya kwamba wimbo usio na ngoma una pengo la kuzibwa. Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Waliounda programu hawakuwa na nia mbaya; waliivuta ngozi upande walioujua.

Hata hivyo, itakuwa pupa kuilaumu programu kwa sababu tu ina kiunzi. Ushairi wa Kiswahili nao una viunzi vyake. Kaluta Amri Abedi alizieleza sheria za vina na mizani katika kitabu chake cha mwaka 1954, na hakuna anayedai kwamba malenga aliyezifuata hakutunga. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, aliziacha sheria hizo na mjadala mkali ukazuka. Mjadala huo ndio unaoonyesha tofauti. Sheria za arudhi zilikuwa na watetezi waliojulikana, waliobishana na wapinzani wao kwa majina na kwa hoja. Kiunzi cha programu hakibishaniwi darasani, kwa kuwa mtoto hajui kwamba kuna aliyekichagua.

Mwito na Mwitiko

Katika uimbaji wa Wamaasai, kiongozi wa wimbo huitwa olaranyani. Yeye hutoa mwito, na kundi humjibu. Kwa kawaida anayeongoza ni yule anayeumudu zaidi wimbo wenyewe, na wimbo mmoja waweza kuongozwa na zaidi ya mtu mmoja. Uongozi huo basi ni amana, si milki. Mwito usioitikiwa haujawa wimbo, na kila anayeanza huanza akilijua hilo.

Pwani nako utungo umeishi kwa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, alizielekeza tungo zake nyingi kwa watu waliokuwa na uwezo wa kumjibu, wakiwamo mahasimu wa Lamu. Makali ya lugha yake yalinolewa na matarajio ya jibu. Plato, katika Phaedrus, anamwonyesha Socrates akiyalalamikia maandishi kwa sababu yakiulizwa hurudia neno lile lile. Kompyuta imekwenda hatua nyingine: inajibu, lakini jibu lake ni ndiyo daima. Humwitikia mwenye wimbo na asiye na wimbo kwa uaminifu ule ule. Mtoto anayelelewa na kiitikio kisichokataa anaweza kujifunza kupanga sauti bila kujifunza kwamba sauti humwendea mtu.

Haki ya Asiyeitikiwa

Hoja hii ina upande wa pili ambao haufai kupuuzwa. Jamii inayoweza kukataa wimbo mbaya inaweza pia kumkataa mwimbaji mzuri. Nyimbo za morani ni za morani, na za wanawake ni za wanawake. Msichana mdogo hangetarajiwa kuliongoza kundi la vijana wa kiume hata angekuwa na kipaji cha aina gani. Mbele ya kompyuta msichana huyo husikilizwa bila kuulizwa rika wala jinsia. Yupo pia mtoto mwenye kigugumizi, na mwenye haya, ambaye hawezi kulisimamia kundi lakini ana wimbo kichwani. Kwao, chombo kisichokataa ni haki waliyocheleweshewa.

Aidha, Kitengela si kijiji cha rika moja. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo zaidi ya watu 150,000, na wengi wao walitoka sehemu mbalimbali za nchi. Darasa moja huwa na watoto wa lugha kadhaa za nyumbani, ambao hawana kiitikio kimoja walichorithi. Kumtaka mtoto wa hapo arudi kwenye kundi lililomlea ni kumtuma mahali pasipokuwapo. Kundi lake ni hilo hilo lililo darasani.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi inapozalishwa na kompyuta, mtunzi ni yule aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo iwepo. Sheria hapo inajibu swali la milki. Swali la maadili ni jingine: nani atasimama aseme kwa nini noti hii iko hapa? Anayeweza kusema hivyo ndiye mtunzi, hata kama noti zote alizikuta.

Hitimisho

Wajibu wa mwalimu, kwa hiyo, si kuizuia kompyuta wala kuishangilia. Ni kumwonyesha mtoto mahali pa kubadilisha skeli, kuinyamazisha ngoma na kupunguza mwendo, ili akiviacha viwepo awe amevichagua. Kisha ni kumtoa mbele ya kioo na kumsimamisha mbele ya wenzake, wimbo ukiwa mdomoni, asikie wanapoitikia na wanaponyamaza. Kompyuta inafaa kuwa mahali pa rasimu. Haifai kuwa hakimu. Msichana aliyepata ujasiri wa kuanza kwa sababu chombo hakikumkataa anastahili pia heshima ya kusikilizwa na watu wanaoweza kumkatalia. Kumpa la kwanza na kumnyima la pili ni kumwacha akiimba peke yake, hata kama ala zote za ulimwengu zinamfuatisha.