Gata la Darasa la Saba

Mvua za vuli zilikuwa zinanukia, na gata la darasa la saba lilikuwa limeziba kwa majani ya mwarobaini. Simtanki lingebaki kavu. Mwalimu mkuu akamwita mlinzi: "Mzee, hebu panda hapo utoe huo uchafu, ni kazi ya dakika mbili." Mlinzi alikuwa amekesha lindoni. Hakubisha, anayelipwa kwa michango ya wazazi habishani na mwalimu mkuu.

Ngazi ikaazimwa kwa jirani. Ilikuwa mirunda miwili, na mbao za kukanyagia zimepigiliwa misumari kwa mbele. Fundi anayejua kazi huchonga pengo kwenye mrunda ubao ukae humo, msumari uwe wa kuushikilia tu. Ukipigiliwa juu juu, uzito wote wa mtu unabebwa na misumari. Ajabu, siku ile haikung'oka hata mmoja.

Ubaya ulikuwa kwingine. Gata liko mita 3 juu, na kipimo cha mafundi ni mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kupanda, yaani hapo ilitakiwa kama sentimita 75. Mzee aliisimamisha karibu wima, kwenye saruji iliyosuguliwa ikang'aa, akapanda na ndala zake. Wavulana wawili wa darasa la sita wakaambiwa waishike. Nani aliwahi kudhani mtoto anaweza kuzuia ngazi yenye mtu mzima? Anachoweza ni kuangukiwa.

Alisafisha hadi mkono ulipofika. Likabaki fungu upande wa kulia. Ashuke, asogeze ngazi, apande tena, kwa majani ya kiganja kimoja? Akajivuta mpaka kitovu kikapita nje ya mrunda, na hapo uzito hauko tena juu ya ngazi. Kengele ya uji ikagongwa. Mvulana mmoja akaachia, akakimbia. Ngazi ikaserereka kando.

Mlinzi alivunjika nyonga. Aliyevunjika mkono ni yule mvulana mtiifu, aliyebaki ameshika.

Baadaye akaja fundi na ngazi yake. Alifukuza watoto kwanza, akafunga kichwa cha ngazi kwa kamba kwenye mbao za paa, na kila alipomaliza urefu wa mkono alishuka akaisogeza. Kazi nzima ilimchukua kipindi kimoja.

Shule ni mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamhusu mlinzi kama inavyomhusu mtu wa kiwandani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao uliundwa kwa sheria ya 2008. Ila madai yanahitaji mwajiri, na mzee hakuwa na mkataba wala barua. Kamati ya shule ilikaa mchana kutwa ikibishana ni nani hasa aliyemwajiri.