Sifa na Deni la Mwigizaji

Sifa ya mwigizaji ni mali ya ajabu: huipata kwa jasho lake, lakini hukaa katika macho ya watu wengine. Steven Kanumba alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, umri wake miaka 28, maelfu walimiminika kumzika Kinondoni. Wengi wao hawakupata kusema naye hata neno moja. Walimlilia kama ndugu.

Hata Kasumulu, kando ya mto Songwe, mahali Tanzania ipakanapo na Malawi, kijana aliyevuna mpunga mchana aweza usiku kutazama filamu, akajifunza humo namna ya kuvaa, kusema na kupenda. Mwalimu wake hakuajiriwa wala hakuapa, lakini hufundisha.

Je, mwigizaji apaswa kuwa malaika? La. Kumdai mwanadamu ukamilifu ni kumdhulumu, na aigizaye mwizi si mwizi. Deni lake ni dogo kuliko hilo, lakini ni zito: nje ya filamu, asiwauzie watu sura ya maisha ambayo yeye mwenyewe ajua kuwa ni ya uongo, kwani yuko atakayeuza mavuno yake ili aifuate. Mtazamaji naye ana deni: apende sanaa bila ya kumwabudu msanii.