Kabla Hujainunua Mandobesi

Mwanangu, muuzaji anataka jibu kesho, nawe umeshaanza kuhesabu fedha. Mwache angoje. Ala iliyokaa karibu miaka 100 haitaharibika kwa wiki moja ya kufikiri.

Kwanza ujue ilikotoka. Kampuni ya Gibson, kule Kalamazoo, Michigan, ilianza kuiuza mwaka 1912. Siku hizo Wamarekani wengi walikuwa wakipiga mandolini kwa makundi makubwa. Mandolini ni ndogo, sauti yake nyembamba. Kundi likahitaji sauti nene ya kulibeba. Ikatengenezwa mandolini kubwa kupindukia, yenye nyuzi 4 zinazokazwa kama za besi ya kusimama: E, A, D, G. Chini ina mguu wa chuma wa kuisimamisha. Hupigwa kwa risha.

Haikupata wapigaji wengi. Uzi ukishadonolewa, sauti huzimika upesi, na makundi mengi yalibaki na besi ya upinde. Kisha jazi ikawateka watu, mandolini zikawekwa kando. Ndiyo maana mandobesi zimebaki chache, na wakusanyaji huzitafuta.

Sasa usidanganywe na mng'ao. Vanishi mpya ndiyo ya kuogopa. Ya zamani, hata ikiwa na mikwaruzo, iache ilivyo. Chungulia ndani kwa taa. Tazama kama uso wa mbao umebonyea chini ya daraja, maana nyuzi zile nene huukandamiza usiku na mchana. Uliza juu ya gundi pia. Ya zamani, ile ya ngozi, hulegea kwa joto na unyevu, hivyo fundi hufungua kiungo bila kuvunja kitu. Nilipokuwa na umri wako nilibandika daraja la gitaa kuukuu kwa gundi ya kisasa kwa sababu ilikauka haraka. Lilipobanduka, liling'oka na mbao ya uso. Hakuna fundi aliyeweza kuirudisha. Bado inaniuma, mwanangu, kwa sababu gundi ya ngozi ilikuwepo pale pale mezani. Ilitaka tu nisubiri hadi asubuhi.

Tena tafuta wenzako wawili watatu wenye mandolini, waje mpige pamoja kabla hujalipa. Ala hii ikipigwa peke yake huwezi kuijua; kazi yake ni kuwashikilia wengine. Ukiwakosa hao, bei ile ni kubwa mno kwa pambo la ukutani.