Rafiki Asiyeogopa Rafiki Zako

Mkristo aishiye Watamu, mji ambao kaskazi huujaza wageni kutoka Italia na kwingineko, na ambao masika huifunga milango ya hoteli zake na kuwarudisha vijana wengi majumbani bila kazi, hahitaji kufundishwa kuwa upo urafiki uendao kwa msimu, maana ameuona ukija na ameuona ukiondoka. Kwa hiyo, akiulizwa alama ya rafiki wa kweli, aghalabu hujibu kwa methali ya wazee kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Jibu hilo lastahili heshima. Walakini naliona halimtoshi mtu atakaye kuchagua rafiki mwenye hekima, kwani dhiki ndio mlango ambao mlaghai naye hupenda kuuingilia.

Tena Maandiko yenyewe yanatuonya. Rafiki watatu wa Ayubu walisafiri kutoka makwao walipopata habari ya msiba wake, wakalia, wakararua mavazi, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku pasipo mmoja wao kutamka neno. Sijui rafiki awezaye kuitimiza methali ile kuliko hao. Ilhali mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa, na ikambidi Ayubu awaombee. Walikuwa na huruma kabla ya kufumbua vinywa, kisha hekima ikawapungukia, kwa sababu kila mmoja alikwisha kukata shauri juu ya hatia ya mgonjwa, na hapakuwa na neno la Ayubu ambalo lingeweza kuwageuza.

Kwetu sisi wa kaunti ya Kilifi jambo hili si la kitabuni tu. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, ilianza kazi ya kufukua makaburi ya waumini ambao wengi wao walikufa kwa njaa, kwa itikadi kuwa kufunga hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu. Na kabla ya mwaka kwisha miili iliyofukuliwa ilikuwa imezidi 400, watoto wakiwa miongoni mwao. Mhubiri aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo aliyakana mashtaka, na kumhukumu si kazi ya insha hii. Linalonishughulisha, na kunihuzunisha kila nilifikiriapo, ni lile lililoitangulia njaa. Jamaa za marehemu wengi walieleza namna wapendwa wao walivyoacha kazi, wakauza mali, wakawatoa watoto shuleni, hata wakaacha kusema na ndugu zao wa kuzaliwa. Hawakukosa suhuba, maana msituni walikuwa wengi, wakisali pamoja. Walichokosa ni mtu mmoja wa nje ambaye neno lake bado lingeweza kuwafikia.

Hapo ndipo nilipoiona alama ninayoitafuta: rafiki mwenye hekima haogopi rafiki zako wengine. Hukupa nasaha, kisha hakuzuii kuipeleka kwa mama yako, kwa mzee wa kanisa, au kwa jirani, ipimwe. Bwana wetu, usiku wa kuamkia kusulubiwa kwake, aliwaambia wanafunzi kuwa hawaiti tena watumwa bali rafiki, na sababu aliyoitoa, kama Yohana aisimuliavyo, ni kuwa amewaarifu yote aliyoyasikia kwa Baba yake. Basi mtu akutakaye utii huku akikuficha sababu, hata akikuita ndugu na kukulisha wakati wa shida, amekuweka katika daraja ya mtumwa.

Wako wanaouliza kama ni lazima rafiki huyo awe Mkristo, na swali hilo lina uzito Watamu, ambako kijiji cha kale ni cha Waislamu, na Mgiriama aendaye kanisani husikia adhana kabla ya kengele. Naam, Mtume Paulo alikataza kufungwa nira na wasioamini, nami naifahamu nira hiyo kuwa ni agano limfanyalo mtu aiache ibada yake. Siioni kuwa ni marufuku ya kusikiliza nasaha ya jirani mcha Mungu. Maana Musa, aliyesema na Mwenyezi Mungu uso kwa uso, aliambiwa na Yethro, kuhani wa Midiani, kuwa kuwahukumu watu peke yake kutwa nzima si vyema, na kuwa atajichosha yeye na watu wake. Mvuvi Mwislamu amwambiaye jirani yake Mkristo, “Ndugu yangu, huyo anayekukataza kumwona mamako hakutakii heri,” anafanya kazi ya Yethro. Na Yethro, aliposikizwa, hakudai kukaa awe mkuu wa wale waamuzi aliokuwa ameshauri wawekwe. Musa alimpa ruhusa, akarejea nchini kwake, nao wakaendelea kuhukumu bila yeye.