Tunamkemea kijana, mfanyabiashara tunamwacha

Tunapozungumzia vijana wetu na muziki, lawama huwa mbili tu: kijana hana adabu, na mwanamuziki ni mpotoshaji. Yule wa tatu, anayewakutanisha wawili hao kwa faida yake, hatumtaji. Hukumu ya muziki wenyewe wanazuoni wameijadili kwa kirefu na si mada yangu leo. Ninalouliza ni hili: je, ni uadilifu kumtengenezea kijana mtu wa kumpenda, kisha ukamuuzia?

Tuchukue mfano wa Milli Vanilli. Mwaka 1988 mtayarishaji wa muziki wa Ujerumani, Frank Farian, alikuwa na nyimbo zilizoimbwa na watu wazima ambao aliona sura zao zisingeuza. Akawachukua vijana wawili watanashati, hodari wa kucheza, Rob Pilatus na Fab Morvan, akawaweka mbele. Februari 1990 wakapewa tuzo ya Grammy ya wasanii wapya bora. Novemba mwaka huohuo Farian akakiri kuwa sauti zilizomo kwenye albamu hazikuwa zao. Tuzo ikafutwa, na wanunuzi Marekani wakaenda mahakamani kudai fedha zao.

Wapo watakaosema: watu walifurahi, nani kadhurika? Ndugu msomaji, zingatia jambo moja. Kanda ilikuwa ileile kabla na baada ya Novemba. Haikubadilika hata sauti moja. Kama walichonunua ni nyimbo tu, wangedai fedha kwa lipi? Ni dhahiri kuwa walinunua kitu kingine: imani kwamba wanamjua mtu fulani na kwamba anasema nao. Imani hiyo ndiyo iliyotengenezwa kwa makusudi.

Katika mafunzo ya dini kitendo hicho kina jina: ghushi. Imamu Muslim amepokea kisa cha Mtume (s.a.w.) kuingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu chini. Muuzaji alijitetea kwa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke unyevu ule juu, watu wauone. Hakumlaumu mnunuzi kwa kutochimba.

Tena angalia waliobaki na hasara. Waimbaji wa kweli walikaa gizani. Pilatus alifariki mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka thelathini na ushei, baada ya miaka ya dawa za kulevya na fedheha. Farian aliendelea kutengeneza makundi mengine na kuuza.

Leo mambo yamekwenda mbali zaidi. Kijana mwenye simu si mnunuzi tu, amegeuzwa mtangazaji asiye na mshahara. Anasambaza picha, anahesabu watazamaji, anatukanana na wenzake wa "timu" nyingine, akidhani anatetea rafiki. Kumbe anafanya kazi ya mtu asiyemjua.

Wanafunzi wangu wengi wana umri huo. Nikiwaambia "acheni" peke yake, hunyamaza mbele yangu na kuendelea nyuma yangu. Nikiwauliza nani kalipia tangazo, na nini kimefichwa chini ya rundo, huanza kubishana wao kwa wao. Wazazi na walimu wenzangu, tuwazoeze maswali hayo mapema. Kumpenda mtu ni amana, na kijana ana haki ya kujua anampenda nani.

Wallahu a'lam.