Jina la Fanani katika Orodha za Tasnifu za Muziki

Kuorodhesha tasnifu za uzamili na uzamifu aghalabu huchukuliwa kuwa kazi ya kiufundi isiyohusiana na maadili. Orodha za aina hii, kama ile ya tasnifu za uzamifu za muziki iliyokusanywa na Helen Hewitt na kuchapishwa Marekani mnamo 1952, humwepusha mtafiti na kurudia kazi iliyokwisha kufanywa. Hata hivyo, kila orodha hujibu, hata bila kukusudia, swali zito: maarifa haya ni ya nani?

Mfano mmoja watosha. Mwaka 1980 Washington Omondi aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha London tasnifu ya uzamifu kuhusu thum, yaani nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Waluo. Ingizo la tasnifu kama hiyo huwa na jina la mwandishi, anwani, chuo na mwaka. Jothum, yaani wapigaji wa ala hiyo, hawana nafasi. Hata pale mtafiti anapowataja walimu wake ndani ya tasnifu, msomaji anayepekua orodha hawezi kumtafuta mpigaji kwa jina lake. Kasoro hii si ya mtafiti, bali ni ya umbo la orodha.

Yamkini itadaiwa kwamba mwandishi peke yake ndiye anayewajibikia hoja za tasnifu. Dai hili lina uzito: fanani hakuandika uchanganuzi, wala hapaswi kulaumiwa kwa makosa yaliyomo. Lakini kuwajibikia hoja ni jambo moja, na kuwa chimbuko la maarifa ni jambo jingine. Kanuni za kukatalogi za AACR2, zilizotolewa 1978, ziliruhusu mkusanyiko wa rekodi za kazi za watunzi mbalimbali uingizwe chini ya jina la msanii mkuu. Kwa hiyo mpigaji yule yule, akirekodiwa katika santuri, aweza kutangulizwa. Maarifa yake yakigeuzwa kuwa tasnifu, hutoweka. Tofauti haitokani na alichokifanya, bali na chombo kilichokibeba.

Pingamizi kubwa zaidi ni la faragha. Wapo mafanani wasiotaka kutajwa, na nyimbo za jando na unyago hazikukusudiwa kila sikio. Katika hali hiyo, kutaja jina ni kuvunja amana. Hivyo basi, haki hailazimu kila jina liorodheshwe. Inalazimu kila fanani aulizwe, na jibu lake liandikwe, liwe ni idhini au katazo. Orodha iliyo kimya haimtofautishi fanani aliyekataa na yule ambaye hakuulizwa kamwe. Mkutubi hawezi kuirekebisha dosari hiyo miaka mingi baadaye. Swali sharti liulizwe nyanjani, fanani angali hai na uamuzi ungali wake.